Mayai ya Mwisho ya Bibi Kofia

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, mshonaji alimpelekea kuku wake mtama. Kuku huyo alikuwa mzee, lakini bado alitembea kwa maringo. Kichwani alikuwa na kishungi kikubwa cha manyoya kilichomwangukia machoni. Mume wa mshonaji, ambaye alikuwa fundi wa mafriji, alimwita Bibi Kofia.

"Bibi Kofia ameamka vizuri?" fundi aliuliza kila siku.

"Ameamka. Ila amekasirika, kama kawaida yake."

Mshonaji alimpenda sana kuku yule. Ukoo wa kuku huyo ulitoka kwa marehemu mama wa mshonaji. Zamani, uani kwao kulijaa kuku wenye vishungi. Mpaka leo mshonaji akifumba macho aliwaona wakiparua mchanga, na mama yake amekaa kwenye kigoda akichambua mboga. Mama alikuwa akiwasemesha kama watoto. "Wewe umeshakula, mwachie mwenzako!" Siku zile zilikuwa tamu. Wakati mwingine mshonaji aliacha kushona katikati ya mshono, akakaa tu akizikumbuka.

Kisha ugonjwa wa kuku ulipita, wakafa karibu wote. Walibaki Bibi Kofia na jogoo mmoja. Bibi Kofia alitaga kwa nadra, na kutamia hakutaka tena. Alitaga, akajikung'uta, akaenda zake. Akifa yeye bila vifaranga, kuku wa mama watakuwa wamekwisha.

Ndipo fundi alipotengeneza mashine ya kutotolesha mayai. Alichukua friji dogo bovu, akatia balbu ya kuleta joto, feni ndogo ya kulisambaza na kifaa cha kuizima balbu joto likizidi. Chini aliweka bakuli la maji. Juu alitoboa matundu, na mlangoni akaweka kidirisha cha kioo.

"Huyu ni kuku wa umeme," alijigamba. "Hachoki, wala hadonoi mtu."

Mshonaji aliweka mayai, akayageuza kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Wiki tatu zilipotimia, yai moja lilipata ufa. Sauti ndogo ikalia ndani. Mshonaji alifungua mlango kuangalia. Baada ya muda mfupi akafungua tena. Siku nzima alikuwa roho juu, akifungua na kufunga. Kesho yake sauti ilikuwa imenyamaza. Hakutoka kifaranga hata mmoja.

Mshonaji alikaa sakafuni akalia. "Nimewamaliza kuku wa mama," alisema.

Fundi alichuchumaa kando yake. Alisema, "Nipe nikayatupe hayo mayai, mke wangu. Ukiyatazama utazidi kuumia."

"Usiyatupe. Namwita Shangazi Kuku."

Shangazi Kuku alikuwa afisa mifugo aliyeishi mtaa uleule. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na kazi yake aliipenda kupita kiasi. Alipofika alisalimia, akaomba beseni, akaketi uani.

"Mmefanya vizuri kutoyatupa," alisema. "Tukiyapasua tutajua kilichoharibika. Fundi, shika pua yako."

Alipasua yai la kwanza. Ndani mlikuwa na ute na kiini tu.

"Hili halina dalili ya kifaranga. Huenda jogoo hakulirutubisha, au lilikaa mno kabla ya kuingia kwenye mashine. Uliyakusanya kwa muda gani?"

"Karibu mwezi. Bibi Kofia anataga moja moja. Nilitaka yawe mengi."

"Uliyaweka wapi?"

"Dirishani, karibu na cherehani, niyaone."

"Lo! Juani! Yai la kutotolesha likae mahali pa baridi ya wastani, ncha nyembamba ikitazama chini. Lisipite wiki moja. Na usilioshe, ganda lina ngozi inayozuia vijidudu. Yenye uchafu mwingi, yaache."

Yai la pili lilikuwa na pete ya damu. Shangazi Kuku alisema kifaranga yule alikufa mapema, na mara nyingi sababu ni joto linalopanda na kushuka. Akageukia mayai mengine. Hapo hakutania tena. Ndani mlikuwa na vifaranga waliokamilika, wana manyoya na kucha, na vichwani vishungi vidogo vilivyolowa. Mshonaji aliona vishungi vile akafunika uso.

"Pole, mwanangu," alisema Shangazi Kuku kwa sauti ya chini. "Hawa walifika mlangoni wakashindwa kutoka. Hebu nione hiyo mashine."

Waliingia chumba cha kushonea. Friji lilikuwa pembeni, limefunikwa shuka la zamani lenye maua yaliyofifia. Shuka lilifunika juu na pande zote.

"Hili la nini?"

"La mama," alijibu mshonaji. "Kuku wake akitamia, alikuwa anatundika shuka hili pale pembeni. Nikaona na mimi niwafunike, wapate joto la mama."

Shangazi Kuku alilivua taratibu. Matundu ya juu yakaonekana.

Fundi alishika kiuno. "Mke wangu, umeziba matundu yangu yote!"

"Nilidhani ni ya mabomba ya zamani ya friji."

"Mabomba? Nimetoboa kwa mkono wangu, jasho likinitoka!"

"Na wewe ulipoliona shuka mbona ulinyamaza?" aliuliza Shangazi Kuku.

Fundi alikuna kichwa. "Nilidhani ni pambo."

Wote watatu wakaangua kicheko, mshonaji akicheka na machozi yake.

"Sikiliza," alisema Shangazi Kuku. "Mama yako alitundika shuka lizuie upepo. Kuku wake hakumfunika gubigubi. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, na kifaranga anavuta hewa kupitia humo. Kadiri anavyokua ndivyo anavyohitaji hewa zaidi. Siku za mwisho ukiziba matundu, anakosa pumzi."

"Lakini mmoja alitoboa ganda. Nilimsikia."

"Ulifungua mlango?"

Mshonaji alitazama chini. "Mara nyingi."

"Kila ukifungua, unyevu unatoka. Utando wa ndani ya yai unakauka na kumbana kifaranga, hawezi kujigeuza. Siku tatu za mwisho usiyageuze mayai tena. Ongeza maji ili hewa iwe na unyevu. Kisha funga, utazame kwa kioo tu. Hata akilia. Kifaranga anaweza kuchukua muda mrefu kati ya kutoboa ganda na kutoka."

Kisha alitazama kipimajoto. Kilining'inia karibu na balbu. "Na hiki kinakudanganya. Kishushe hadi usawa wa mayai. Kwa mashine yenye feni, tafuta nyuzi thelathini na saba na nusu."

Kinyume cha kawaida yake, Bibi Kofia alitaga mayai matano wiki ile, kisha akaacha. Wiki ilikwisha bila yai lingine. Mshonaji alihisi kwamba hayo ndiyo ya mwisho. Aliyaingiza yote kwenye mashine. Baada ya wiki moja walizima taa, wakamulika mayai kwa tochi. Matatu yalikuwa na mishipa myekundu. Mawili yalikuwa matupu, wakayatoa.

Siku tatu kabla ya wiki tatu kutimia, mshonaji aliacha kugeuza mayai. Aliongeza maji, akafunga. Siku ya kutotoa ilipofika, yai moja likaingia ufa. Sauti ikalia. Mshonaji alishika kishikio cha mlango.

"Mke wangu!" fundi aliita. "Mkono!"

Aliuondoa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona gauni la harusi. Kifaranga alilia, akanyamaza. Kimya kile kilimkata maini. Alijikaza. Alikwenda kwenye cherehani akashona mikono miwili ya shati, na yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Asubuhi fundi alichungulia kwenye kioo. Alimvuta mkewe, akamsogeza mbele. Vifaranga watatu walikuwa wamesimama kati ya maganda, wamelowa, na vichwani mwao kila mmoja ana kivimbe cha manyoya. Waliwaacha ndani mpaka wakakauka, kama walivyoagizwa. Ndipo wakawahamishia kwenye boksi lenye balbu.

Walipokua na kuota manyoya ya kutosha, mshonaji aliwatoa uani kwa mara ya kwanza. Jua lilikuwa zuri. Walijikunyata mlangoni, wanaogopa. Mshonaji alichuchumaa na punje za mtama mkononi, akawaita bila kufikiri, "Njooni, njooni! Wewe umeshakula, mwachie mwenzako!"

Fundi alitoka ndani mbio, bisibisi mkononi. Alisimama mlangoni, akamtazama mkewe.

"Nimeshtuka," alisema. "Nilidhani mama mkwe yupo uani."