Mama Yuko Jengo Lipi?

Mkunde ana miaka sita. Leo anakwenda na Bibi uwanja wa ndege kumpokea Mama.

Mama alikuwa Mwanza, akisomea uuguzi. Mkunde hajamwona tangu wakati wa mvua.

Bajaji ikawashusha mbele ya jengo dogo jeupe. Ndege ndogo ikazungusha mapangaboi. Vruu, vruu, vruuu.

"Mama yuko ndani ya hiyo?" Mkunde akauliza.

"Hapana," mlinzi akasema. "Hii inakwenda kisiwani Mafia. Za Mwanza zinatua jengo lingine."

*Mbona hivi? Mkunde haelewi.*

"Bibi, kwani viwanja viko vingapi?"

"Kimoja tu," Bibi akasema. "Zamani jengo lilikuwa hili peke yake. Nikiwa mdogo kama wewe, tulipanda juu ya paa, tukawapungia wasafiri mikono. Ndege zote zilikuwa na mapangaboi."

"Halafu?"

"Halafu ndege zikakua. Wasafiri wakawa wengi. Likajengwa jengo la pili. Juzi juzi, la tatu."

Mkunde akawaza. Ndege zinakua? Zinakula nini?

*Mbona hivi? Mkunde haelewi.*

Wakaenda jengo la pili. Hapa ndege ni ndefu, hazina mapangaboi. Nguuuu, zikapaa.

Watu wakatoka na mabegi. Akatoka mzee mwenye kofia. Akatoka dada mwenye mtoto. Mama hakutoka.

"Labda yuko lile jipya, la vioo," Bibi akasema. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Akatazama huku na huku.

*Mbona hivi? Hata Bibi haelewi.*

Mkunde akamshika mkono. "Bibi, tukae hapahapa. Tukienda kule, Mama akija huku, tutapishana."

Wakakaa. Wakangoja. Nguuuu, ndege ikatua. Nguuuu, nyingine. Mkunde akajikaza asilie.

"Jamani, mlikuwa wapi?"

Sauti ilitoka nyuma yao. Ni Mama, anahema, begi begani.

"Ndege yetu iliwahi," Mama akasema. "Nikajua Bibi atakwenda jengo lake la zamani. Nikawafuata kule. Mlinzi akasema mmekuja huku."

Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mkunde hakucheka. Alificha uso shingoni kwa Mama.

Usiku ulipoingia, Mama akamlaza kitandani. Akamfunika shuka. Akajaribu kutoa kidole chake mkononi mwa Mkunde, taratibu.

Mkunde alikuwa amelala fofofo. Lakini kidole hakukiachia.

Basi Mama naye akalala papo hapo.