Chapuchapu na Kioo Cheusi

Kila Jumamosi asubuhi Chapuchapu alikuwa na kazi zake kwenye studio ya shangazi yake, mpiga picha. Alifagia, akakung'uta pazia la bluu ambalo wateja walisimama mbele yake, kisha akafuta lenzi kwa kitambaa laini. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa kuwa msichana huyo alifanya kila kitu mbio mbio. Bibi alisema mjukuu wake humaliza kufagia kabla vumbi halijajua kwamba linafagiliwa.

Jumamosi moja shangazi alimwita mezani.

"Leo mchana wanafunga lango la bwawa jipya," alisema. "Maporomoko ya mto yatakauka. Bibi yako anataka picha ya mwisho ya maporomoko hayo, na mimi nimeajiriwa kuwapiga picha wakubwa kule juu langoni. Ya bibi utaipiga wewe."

Moyo wa Chapuchapu uliruka kwa furaha. Bibi alizaliwa kwenye kilima kinachotazamana na maporomoko yale, lakini sasa miguu yake haikuweza kumfikisha hata sokoni. Mara nyingi alisimulia kwamba ukiwa uani kwao hukuona matone. Uliona kitambaa cheupe kimetundikwa mwambani. Kitambaa hicho ndicho alichotaka kukiona tena.

"Ili maji yaonekane kama kitambaa, kamera lazima ikae wazi muda mrefu," shangazi alieleza. "Lakini kwa jua la mchana picha itakuwa nyeupe yote. Ndiyo maana tunaivalisha lenzi kioo hiki cha kupunguza mwanga."

Alikiinua kioo cha duara, cheusi kama tako la sufuria.

"Ukishakivalisha, kamera haioni kitu, na wewe huoni kitu. Kwa hiyo anza bila kioo. Panga picha yako, kagua kona zote nne, piga ya majaribio uone mwanga, kisha funga fokasi, ule ukali wa picha, isisogee. Ukiridhika ndipo uvalishe kioo. Kama ya majaribio imechukua muda wa kupepesa jicho, ya kioo itachukua kama dakika nzima. Si tulifanya hivyo kwa maji ya bomba?"

"Tulifanya, shangazi. Nakumbuka yote."

Mtoto wa jirani aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, ambaye pia alisoma naye darasa moja, aliombwa awabebee stendi ya miguu mitatu. Walipofika mtoni, shangazi alipanda kwenda langoni. Twiga aliisimamisha stendi juu ya mwamba, akahakikisha haitikisiki, kisha akaenda kukaa mbali kidogo kama alivyoagizwa.

Watu wengi walikuja kuyaaga maporomoko, wakiwemo wanafunzi wenzao. Walipoiona kamera, walimzunguka Chapuchapu.

"Hiyo kamera ni yako?"

"Leo ni yangu," alijibu, kichwa kikimvimba. "Tazameni, nitayageuza maji yawe kitambaa."

Akakitoa kioo cheusi na kukizungusha kwenye lenzi papo hapo. Wenzake wakashangilia.

"Si shangazi alisema uanze bila kioo?" Twiga aliuliza kutoka kule alikokaa.

"Wewe shughulika na stendi!" Chapuchapu alimkata kauli, na wote wakacheka.

Lakini alipotazama nyuma ya kamera, aliona giza tupu. Hakujua mwamba uko wapi wala maji yako wapi. Kukifungua kioo na kuanza upya lilikuwa jambo dogo, ila macho ya wenzake yote yalikuwa mikononi mwake. Akaona haya. Akakisia mwanga, akaikisia na fokasi, akabonyeza.

"Umepiga ya majaribio?" shangazi alimwita kutoka juu.

"Nimepiga!" alijibu, akiinua dole gumba.

Mara king'ora kikalia. Lango likashuka taratibu, maji yakapungua mpaka yakabaki kama machozi kwenye shavu la mwamba. Kisha hata hayo yakakatika. Chapuchapu aliitazama picha yake. Ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyomwagika, yenye ukungu kila mahali, na upande mmoja ulizibwa na bango la kuwaonya watu wasiogelee.

Shangazi alishuka akihema, jasho likimtoka. Alipoiona picha, uso wake ulisinyaa.

"Imekuwaje?"

Wenzake wote walikuwa wanasikiliza. Mdomo wa Chapuchapu ulifunguka kabla yeye hajaamua la kusema.

"Twiga aliigonga stendi."

"Mimi?" Twiga alisimama. "Mimi nilikuwa nimekaa kule!"

"Nilikuomba kitu kimoja tu, ukae mbali," shangazi alisema kwa uchungu. "Nenda nyumbani, mwanangu. Sitakuhitaji tena."

Twiga aliuweka chini mkoba wa stendi, akamtazama Chapuchapu mara moja, akaondoka. Nyuma yake sauti za kitoto zilianza kumwita Mvunja Picha.

Nyumbani, bibi alikuwa ameshaifuta miwani yake akisubiri. Shangazi akamweleza yaliyotokea.

"Maskini, mtoto huyo atakuwa anaumia," bibi alisema. "Mwambieni aje nimwambie sina kinyongo naye."

Siku ya shule ilipofika, Twiga alihamia dawati la nyuma. Kila mara mtu alipotamka jina lile jipya, Chapuchapu alihisi masikio yake yanawaka moto. Angekuwa amepigwa, maumivu yangekwisha. Aibu hii ilikuwa inamfuata mpaka kitandani.

Jioni moja alikwenda studioni, akajificha nyuma ya pazia la bluu.

"Shangazi," alisema akiwa huko huko, "Twiga hakuigusa stendi. Nilivalisha kioo bila kujaribu kwanza. Nilidanganya."

"Toka nikuone," shangazi alisema. Alipomwona, hakumkaripia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkono shavuni. "Yaani nimemfukuza mtoto wa watu mbele ya umati, kwa neno lako. Nilikuamini hata sikumsikiliza. Vaa viatu twende."

Mbele ya mlango wa kina Twiga, shangazi aliinamisha kichwa na kumwomba radhi mtoto yule. Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Zamu yake ilipofika, aliomba msamaha akitazama chini.

"Nimesikia," Twiga alijibu. "Lakini darasani bado wananiita Mvunja Picha."

Kesho yake, kabla mwalimu hajaingia, Chapuchapu alisimama mbele ya darasa na kusema yote. Wapo waliocheka, wapo waliomzomea. Lakini hakukaa mpaka alipomaliza.

Shangazi naye alimtafuta fundi wa lango, akaambiwa kwamba Jumamosi wangelifungua kidogo kusukuma tope. Walirudi mtoni wote watatu. Twiga alikuja, ingawa hakusema mengi. Maji yalianza kutiririka yakiwa ya udongo, kisha yakatakata. Safari hii Chapuchapu aliiacha lenzi wazi, akapiga ya majaribio.

"Kona ya kulia," Twiga alisema. "Lile bango."

Akasogeza stendi, akajaribu tena. Mwanga ulizidi, akaupunguza. Akafunga fokasi, akakivalisha kioo kwa ncha za vidole, akabonyeza na kusubiri dakika nzima.

Jioni bibi aliishika picha kwa mikono miwili, akakaa nayo muda mrefu.

"Yamekonda," alisema, "lakini ndiyo yenyewe." Kisha akamvuta Twiga akae karibu naye.

Chapuchapu alibaki amesimama mlangoni. Shangazi akamwendea.

"Picha mbaya hata mimi nimepiga nyingi," alimwambia kwa upole. "Nilipokuuliza kutoka kule juu, maji yalikuwa bado yanaanguka. Ungesema 'sijajaribu', tungeanza upya na hakuna ambaye angeumia. Picha yetu ilipotea pale uliposema 'nimepiga', na rafiki yako nusura apotee nayo. Ukikosea, sema mapema, hata kama watu wanakutazama. Aibu ya kusema kweli ni ya muda mfupi, na wewe mwenyewe umeona ile nyingine inavyodumu."

"Nimeona, shangazi," alijibu Chapuchapu, na safari hii hakuyakwepa macho yake.