Jentrix Alivyomsukuma Kiilu Hadi Barabarani

"Niache, Jentrix. Utafutwa kazi."

"Nyamaza. Mguu usiusongeze."

Kiilu alikuwa amekanyaga nyoka kwenye majani ya matikiti, akaumwa. Mguu ulikuwa unafura wakiuangalia.

Ilikuwa Januari 2005, shamba moja mbele ya Kitengela. Vijana walikuwa wametoka kila pembe kuvuna matikiti: Jentrix kutoka Kakamega, Kiilu kutoka Makueni. Hao wawili walichuma pamoja, wakala githeri sahani moja, lakini neno mapenzi hakuna aliyethubutu kulitaja.

Jentrix alimkimbilia Githongo, nyapara wao.

"Tupeleke hospitali na lori."

"Lori haitoki kabla ijae."

"Basi nachukua wilbaro."

"Ukitoka nayo, usirudi hapa."

"Sawa."

Alimwaga matikiti chini, akamkalisha Kiilu ndani, akasukuma. Njia ilikuwa mawe na vumbi. Viganja vilichubuka, hakusimama. Kiilu akaanza kusinzia.

"Kiilu, mama yako anaitwa nani?"

"Kavutha."

"Sijasikia. Sema tena."

Alimsemesha hivyo hadi barabara ya Namanga, akasimama katikati ya lami mpaka lori ya mawe ikafunga breki. Dereva alishuka, akamwangalia yule msichana, akambeba Kiilu bila kuuliza nauli.

Kesho yake Kavutha alifika hospitalini.

"Wewe ni nani wake?"

"Tunafanya kazi pamoja, mama."

Kavutha aliona bandeji kwenye mikono ya Jentrix. Akaishika polepole, akalia.

Kiilu alipelekwa kwao kupona. Jentrix akapata kibarua kwingine, kupalilia vitunguu. Jioni moja simu yake ikalia, meseji:

"Mguu umebaki ila vidole viwili vimekatwa. Nakupenda tangu siku ya kwanza, nilikuwa naogopa kusema. Na hivi nilivyo, utanikubali?"

Jentrix alijibu papo hapo:

"Nilisukuma mtu mzima, sikusukuma vidole. Njoo kwetu na wazee."

Walifunga ndoa Agosti, kanisa la mabati pale Kitengela, na wavunaji wenzao walijaa viti vyote. Kavutha alipopewa maikrofoni alimgeukia bibi harusi.

"Huyu mtoto nilimzaa mimi," alisema. "Wewe ukanirudishia akiwa hai. Leo nakupa, na sikupi kwa sababu unanidai shukrani. Nakupa kwa sababu najua utamshika."

Jentrix aliushika mkono wa Kiilu. Kiilu ndiye aliyesema, "Asante, mama."