Ukoka Usiokanyagwa

Sikilizeni, majirani zangu, na asiye na jirani asikilize mara mbili.

Pale Chumbageni, nyumbani kwa Mzee Idarusi, palikuwa na uwanja wa mchanga uliofagiliwa mpaka ukabaki na michirizi ya ufagio. Kila alasiri mkewe, Bi Asmahani, alitandika mkeka kando ya miasumini, na wanawake wa mtaa wakaingia kama wanaoingia kwao. Walichuma asumini na mrehani, wakatunga vikuba vya maharusi, wakasengenya kidogo tu, kile kiasi ambacho malaika hukiandika kwa penseli. Bi Sabiha wa nyumba ya pili alikuwa na kicheko kikubwa. Akicheka, majogoo wa Makorora walidhani kumekucha.

Utulivu huo ulivunjwa na majani.

Mzee Idarusi alipostaafu alikwenda kumtembelea rafiki yake Raskazone, akaona bustani imekatwa sawasawa kama kichwa cha bwana harusi. Akarudi moyo umehama. Alimwita Lucas, fundi bustani wa Kisambaa, na ndani ya wiki mbili mchanga ukachimbuliwa, samadi ikamwagwa, ukoka ukapandikizwa kwa mistari. Asmahani aliomba aachiwe walau mwasumini mmoja. Mumewe akasema mizizi yake itaharibu usawa.

Ukoka ulishika, jamani. Ulikuwa kijani hata ndege hondohondo wa msitu wa Amani walishuka milimani kuja kuulizia mbegu. Ng'ombe mmoja alipitishwa barabarani, akachungulia langoni, na tangu siku ile majani mengine hayamshuki kooni. Mzee aling'oa magugu ya ndago kwa kibano cha kutolea miiba. Akaweka mawe ya kukanyagia, na wanawake wakaja wakaamrishwa wapite juu ya mawe, mmoja nyuma ya mwingine, kama siafu. Bi Sabiha aliteleza mara moja, unyayo ukagusa jani. Mzee akamfuata na mpira wa maji, akaiosha alama ya unyayo ule mbele ya macho yake.

Kisha akamwambia Lucas aandike kibao. Lucas ni hodari wa fyekeo, si wa brashi. Alianza na herufi kubwa, USIKANYAGE, ubao ukamwishia, ikabidi neno "ukoka" alibane chini kabisa, dogo kama chawa. Kikasimikwa langoni, kikitazama barabara. Sasa, mashine ya kukatia majani haifiki kwenye mguu wa kibao. Ukoka ukarefuka hapo, ukalifunika jina lake wenyewe. Likabaki neno moja.

Nanyi mnajua kwetu neno hilo lina maana gani. Mtu akikwambia usikanyage kwake, huulizi sababu. Unageuza viatu.

Wakageuza. Asmahani hakujua. Kibao alikiona kikipigiliwa, na maandishi ya nyumbani kwako huyasomi mara ya pili. Alijua tu kwamba alasiri zimekuwa ndefu. Alikaa dirishani, akisikia kicheko cha Bi Sabiha kikitoka nyumba nyingine, na pua yake ikitafuta asumini ambayo haipo. Akajifariji kwamba harusi ya binti yao, Khadija, ingewarudisha wote. Shughuli haikatazwi na majani, alijiambia.

Siku ya kuchagua mchele ilifika. Asmahani alitoa magunia barazani na nyungo kumi na mbili. Hadi adhuhuri hakuingia mtu. Akajitanda kanga, akaenda kwa Bi Sabiha.

"Shoga, mwanangu anaolewa. Mmenitupa?"

"Sisi tumeandikiwa, Mama Khadija," alisema Bi Sabiha taratibu. "Mtu haingii kwa nguvu."

Akamshika mkono hadi langoni. Asmahani akasoma.

Mzee Idarusi aliitwa. Alipiga magoti, akaupasua ukoka kwa vidole, akawaonyesha wanawake waliokusanyika. "Neno hili hapa. Nimekataza ukoka, sikukataza watu." Akasimama kama aliyeshinda kesi.

"Tumeliona, mzee," alisema Bi Sabiha. "Lakini kabla ya kibao ulishatuambia. Uliosha unyayo wangu."

Hapo Asmahani akamgeukia mumewe. Alimwambia njia bado ipo: afungue lango, mikeka itandikwe, mafiga yakae hapo katikati, na yeye mwenyewe awakaribishe kwa kinywa chake. Nyumba nzima ilining'inia kwenye jibu lake. Mzee akautazama ukoka. Akautazama tena.

"Mikeka sawa," alisema. "Mafiga wayaweke barabarani. Moto utaunguza."

Wanawake wakageuza viatu. Waliondoka mmoja mmoja, na jioni ile Asmahani akapakia magunia ya mchele na binti yake kwenye bajaji mbili, akaenda kwa kaka yake, Ibrahimu, Makorora. Harusi ikafanyika huko. Chumbageni nzima ilihamia huko na vinu vyake. Baba mzazi alifika kumwozesha mwanawe, na kijana wa kukaribisha wageni akamwuliza kwa adabu, "Shikamoo mzee. Wewe u upande wa bwana harusi?"

Khadija amekwenda Pangani na mumewe, bila kuagwa katika mlango aliozaliwa. Asmahani alirudi, kwa kuwa ndoa ni ndoa, ila alasiri huwa kwa Bi Sabiha. Siku hizi Mzee Idarusi amekitoa kibao. Husimama langoni akiwaambia wapita njia waingie, wapumzike, wavue hata viatu. Nao humjibu kwa heshima kwamba wanashukuru, watakuja siku nyingine. Anaporudi ndani, ukoka umesimama wima, jani kwa jani.

KISA HIKI KINATUFUNZA

Pambeni nyumba zenu, si haramu. Lakini uwanja hupendezeshwa na nyayo, na jirani ukimweka nyuma ya majani, siku utakapomhitaji atakuwa amekwisha kujifunza njia nyingine. Kuomba radhi kuna msimu wake kama kupanda. Ukichelewa, unamwagilia mchanga.