Kiapo Bila Inshallah

Mama alinituma ubani tu. Ubani na makaa, dukani kwa Gharib, hatua hamsini kutoka kwetu hapa Mkomani. Yeye alikuwa anavaa buibui aende hitimani mtaa wa pili, na maneno yake yalikuwa haya: "Ukitoka, toka mbio. Magharibi isimkute mzazi na mwanawe peke yao."

Mzazi ni dada yangu Nusra, na mwanawe ni Harith, mtoto wa siku kumi na mbili. Nusra alikuwa katika arobaini yake ya uzazi, na sisi tukiwa na mzazi ndani hatuachi nyumba ovyo jua likizama. Kisu chini ya mto, ubani chetezoni, mtu mzima mlangoni. Mtu mzima wa siku hiyo nilikuwa mimi, Mahfudha, miaka ishirini na mitatu, mdomo mwingi kuliko akili.

Nilichelewa. Nalisema mapema ili mtu asinitetee. Kwa Gharib nilimkuta binamu yangu Ubaid, tukaanza kuzungumza mchezo.

Mchezo huo Ubaid alirudi nao kutoka Mombasa. Mnakaa mkekani, kila mtu na karatasi ya mhusika wake, mnarusha dadu ya pande ishirini, naye anawasimulia nchi ya kubuni yenye ngome na mazimwi. Mimi nilikuwa farisi wa kiapo, askari mtakatifu ambaye nguvu zake zote zinatoka kwenye ahadi aliyoapa. Akiivunja, nguvu zinamtoka. Jioni iliyotangulia, juu ya dari la kina Ubaid, ndipo nilipoapa. Ubaid alikuwa ameniandikia maneno ya kuchezea, nikayaona baridi. Nikajitia ushujaa. Nikasimama, mkono kifuani, nikasema: "Wallahi, wabillahi, watallahi, mimi Mahfudha binti Ghassan, mnyonge akiletwa mlangoni kwangu nitamfungulia."

Aaliya, dadake Ubaid, alinivuta nguo.

"Hukutia inshallah," akaninong'oneza. "Na umetaja jina lako, si la farisi."

Kwetu hata mtoto wa madrasa anajua. Kiapo ukikitia inshallah hakikufungi. Ukikiacha kitupu, kimekushika. Nilimcheka Aaliya, nikamwambia asituharibie mchezo kwa mambo ya bibi zetu.

Basi pale dukani Ubaid akawa ananitania, "Farisi, leo umewafungulia wangapi?" Mimi nikamjibu, naye akanijibu. Nilipotazama juu, mbingu ya kichochoroni ilikuwa nyekundu.

Nikakimbia.

Wakati wa kutoka mlango nilikuwa nimeurudisha tu. Niliukuta wazi.

Ndani kimya. Nusra amelala, mgongo kwangu. Harith yuko kwenye kitanda chake kidogo, macho wazi, ananitazama. Nikashusha pumzi. Nikarudi ukumbini nikatia komeo. Palikuwa na harufu ya tope la mikoko, nzito, humo humo ndani. Nikadhani ni maji kupwa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Hodi haikuja.

"Mwana Mahfudha binti Ghassan..."

Sauti ya ajuza, pale nje kwenye daka, ambapo wageni hukaa kungoja kufunguliwa. Sikuitika. Magharibi huitiki mara ya kwanza, ndivyo tulivyolelewa.

"Mwana Mahfudha. Nimekuya na mnyonge. Mfungulie."

Kiapo kile tulikisikia watu watatu tu.

"Nani wewe?"

"Mpita ndia. Nimemwokota topeni. Fanya hima, wakiadhini siwezi kusimama hapa."

Hapo nikajua. Kinachoogopa adhana kinajulikana. Nikaegemeza mgongo mlangoni, nikaanza Ayatul Kursi, na nilipofika katikati maneno yakanipotea. Aya ninayoisoma tangu nina miaka mitano.

Ndipo mtoto akalia.

Nje.

Kilio cha Harith nakijua. Kinakwama katikati, kisha kinaendelea, na nyumba nzima tulikuwa tukimcheka kwa hilo. Kilio kilichokuwa nje kilikwama katikati... kikaendelea.

Nikageuza kichwa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kitandani mtoto alikuwa kimya. Bado ananitazama. Hapepesi.

"Wa kwetu yuko hapa," nikanong'ona.

"Mtazame vyema."

Sikumtazama. Niliogopa, na sitatafuta neno jingine. Mkono ulifika kwenye komeo ukarudi, ukafika ukarudi. Ikiwa ni hila na nimefungua, nimemwingizia dada yangu shetani chumbani. Ikiwa si hila... sikutaka kufikiri ikiwa si hila.

"Nenda zako," nikasema. "Sifungui."

"Umeapa."

"Nimevunja."

Kisha ile sauti, safari hii kwa huzuni kabisa:

"Haya. Nitakaa naye mimi."

Muadhini akaanza. Kilio kikaenda kikipungua, kikishuka kichochoroni kuelekea pwani, hata sikukisikia tena.

Adhana ilipokwisha nikafungua. Hapakuwa na mtu. Pale dakani palikuwa na kitambaa cha Harith, kile alichofungwa mchana, kimelowa tope. Nikakishika. Katikati kilikuwa bado kina joto.

Nyuma yangu Nusra akaita, "Mahfudha, njoo. Mtoto hataki ziwa."

Nilikwenda kwa Mwalimu Kamaludin wa madrasa nikamweleza yote. Akasema kafara ya kiapo ni kulisha masikini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Nikafunga. Akaniambia kiapo kimekwisha, nikalale. Nikamwuliza, na mtoto je?

"Mtoto gani?" akasema.

Huyu wa kitandani sasa ana miezi saba. Muuguzi wa kliniki amempima, hana neno, uzito mzuri. Hajalia tangu siku ile. Mama anasema tumebarikiwa mtoto mpole. Nusra nimewahi kumwona akimnusa kichwa, akamlaza taratibu, akaenda kukaa dirishani hadi giza likaingia.

Mimi kila magharibi nakaa mlangoni, komeo nimelitoa. Jana Nusra alikuja akakaa karibu yangu, mtoto mapajani. Nilidhani atanigombeza kwa kuacha mlango wazi. Akauliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, kama mtu aliyekuwa macho siku ile:

"Akimrudisha... huyu tutamweka wapi?"

Mtoto akageuza kichwa, akanitazama mimi, naye akisubiri nijibu.