Akaunti Ilifunguliwa Kampala

Alfajiri, pikipiki ilikuwa imeshawashwa. Wilkista alikuwa amekaa nyuma ya Elungat wa bodaboda, kioo cha kompyuta kimefungwa kwa leso na kukumbatiwa kama mtoto mgonjwa, begi la nguo limebanwa na mpira pale nyuma. Etyang akatoka mbio kwenye chumba chao cha kazi hapo Malaba, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

— Wilkista, shuka tuongee.

— Tumeongea.

— Hatujaongea. Umenitukana, nikanyamaza, ukapanga nguo. Hiyo ni kuongea?

— Jumanne ulikuwa wapi?

— Nimekuambia. Kwa foleni ya malori, hapa hapa Malaba. Nilikuwa najaribu programu yetu.

— Basi soma hii. Soma kwa sauti, Elungat naye asikie.

Akamsukumia simu usoni. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Akaunti yako imefunguliwa Jumanne mchana kutoka Kampala, Uganda. Kama si wewe, badilisha neno la siri."

— Hiyo akaunti ya programu yetu tunaijua watu wawili, Etyang. Mimi sikuwa Kampala. Nani amebaki?

— Nilitumia laini ya Uganda. Madereva wengi wanatoka upande ule. Nilitaka kuona programu inafungukaje kwao.

— Laini ya Uganda? Tangu lini una laini ya Uganda?

Etyang akameza mate. Hapo ndipo alipojiharibia. Mtu akiulizwa swali na mwanamke aliyeshapanda pikipiki, hana ruhusa ya kumeza mate.

— Tangu mwezi jana. Nilitaka kazi iive ndio nikuonyeshe.

— Na huyo msichana wa rasta, naye ungenionyesha akiiva?

— Msichana gani?

— Elungat, twende.

— Lakini dada, — Elungat akaanza, — hii mambo ya Jumanne...

— Wewe nimekukodi uendeshe ama uamue kesi?

Elungat akaingiza gia. Etyang akabaki katikati ya barabara na kiatu chake mkononi, lori la mafuta likimpigia honi.

Hawa wawili walipatana kwa sababu ya kosa. Wilkista, msichana wa Butula kule Marachi, alijifunza kuandika programu kwa vifaa vya bure vya mtandaoni, hakuna chuo, hakuna mwalimu. Siku moja kazi ikamkatalia kabisa. Akaandika shida yake kwenye ukurasa ambapo waandishi wa programu husaidiana bila malipo. Wengine wakamcheka. Mmoja wa Chakol, huyu huyu Etyang, akamjibu:

"Usiguse kitu bado. Kwanza lirudishe kosa, lifanye litokee tena. Likija kila ukiliita, umelishika. Halafu badilisha kitu kimoja tu, usibadilishe viwili, la sivyo hutajua ni kipi kilichokuponya."

Akafanya hivyo, kazi ikakubali. Akaandika asante. Jamaa akajibu karibu. Asante na karibu zikaendelea mpaka wakapanga chumba cha kazi pamoja Malaba, wakitengeneza programu ya bure ya kumwambia dereva wa lori foleni ya mpakani imefika wapi kabla hajaikuta. Na sasa wazee wa Chakol walikuwa waende Butula Jumamosi kujitambulisha kwa kina Wilkista. Kuku walishatengwa. Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa inaondoka na ile pikipiki.

Ule ujumbe peke yake haungemtoa Wilkista chumbani. Alijua mashine hukosea, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini Jumanne ile ile alikuwa amempigia shangazi yake, Senje Benedetta, dada ya baba, aliyemlea tangu mama yake afariki. Senje alikuwa Kampala kununua vitenge.

— Senje, simu inaniambia Etyang yuko huko Kampala. Naona kama ni uongo.

Senje akashusha pumzi ndefu.

— Mwanangu, hii maneno sikutaka nikwambie kwa simu.

— Maneno gani?

— Nimemwona. Kwa macho yangu haya. Amekaa hotelini na msichana wa rasta, wanakula sahani moja.

Mashine inasema Kampala. Senje anasema Kampala. Wewe ungebaki?

Pale Busia, nyumba ya Senje iko karibu sana na mpaka. Ukimwaga maji nyuma ya jikoni kwa nguvu, utasikia mtu wa Uganda akilalamika. Pikipiki iliwaharibikia njiani mchana kutwa, na Wilkista alipofika jioni alimkuta Senje anapika, na sebuleni ameketi Duncan, ajenti wa kupitisha mizigo, shati limepigwa pasi, kreti ya soda miguuni. Marobota ya vitenge vya Senje yalipita mpakani mikononi mwa huyu Duncan, na hayakuwahi kulala mpakani.

— Pole sana, Wilki, — Duncan akasema. — Hawa watu wa kompyuta ndio hivyo. Wanaficha mpaka kivuli.

— Nani alikuambia nimetoka kwake?

Duncan akamwangalia Senje. Senje akaangalia sufuria.

— Si Duncan ni mtu wa nyumbani, — Senje akasema. — Kaa ule. Kesho asubuhi unapiga simu Chakol unawaambia wazee wasije. Mimi ndiye senje yako, mimi ndiye wa kukusemea siku hiyo. Nitamsemea vipi mtu niliyemwona na yangu macho?

— Senje, Etyang alikuwa amevaa nini?

— Ile shati yake nyekundu. Ile ulimnunulia.

— Ile ya kola nyeupe?

— Hiyo hiyo. Imempendeza, kumbe anampendezea mwingine.

Wilkista akaitazama ile leso ya kompyuta. Shati jekundu la kola nyeupe lilichanika kwapani siku nyingi zilizopita. Yeye mwenyewe alilikata vipande, na kipande kimoja kilikuwa ndani ya leso pale, cha kufutia kioo cha kompyuta. Akajiambia pengine Etyang alinunua nyingine. Akajiambia pengine Senje amechanganya rangi. Akarudisha tonge la ugali sahanini.

Simu ikatetemeka. Etyang.

"Nimekufuata na matatu, niko kwa kinyozi ng'ambo ya barabara. Laini ya Uganda nimempa Elungat, amekaa kwa pikipiki hapo nje. Sitaingia usiponiita. Sikuombi uniamini. Lirudishe kosa."

— Nani huyo? — Senje akauliza.

— Wa bando. Wanataka ninunue bando.

Akatoka, akachukua laini kwa Elungat bila kumtazama, akazunguka mpaka kwenye sinki nyuma ya jikoni. Kitu kimoja kwa wakati. Akaanza na laini yake mwenyewe ya Kenya: akatoka kwenye akaunti, akaingia upya. Ujumbe ukaingia.

"Akaunti yako imefunguliwa sasa hivi kutoka Nairobi, Kenya."

Wilkista akaangalia miguu yake. Ilikuwa Busia, kwenye matope, na kuku wa Senje akidonoa ndara.

Akabadilisha laini, akasimama pale pale. Simu ikatafuta mtandao, ikashika wa Uganda. Kabla hajafungua kitu, ujumbe wa dereva ukadondoka: "Boss wa foleni, Malaba leo ikoje? Nimebeba ndizi, zinaiva hizi." Akausoma mara mbili akitafuta msichana ndani yake. Hakumpata. Akaingia kwenye akaunti.

"Akaunti yako imefunguliwa sasa hivi kutoka Kampala, Uganda."

Basi ndiyo hiyo. Mashine haijui umesimama wapi. Inajua tu kampuni ya simu inatolea mtandao wake mji gani, na kwa laini ile ni Kampala, hata kama wewe unaosha sufuria Busia.

Akaanza kutabasamu, halafu akamkumbuka Senje. Kama mashine ilikosea, Senje na macho yake alikosea vipi kosa lile lile? Lakini labda Etyang alikuwa Kampala kweli na mashine ikabahatisha. Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja ameshapimwa. Amebaki mmoja.

Akamwandikia Etyang: "Usitoke hapo kwa kinyozi." Akafuta ule ujumbe wa Kampala, akaubakisha wa Nairobi, akajipaka maji machoni, akaingia sebuleni.

— Senje! Ona huyu mtu! Ona!

— Nini tena, mama?

— Saa hii yuko Nairobi! Mimi nalia hapa, yeye ameshaenda Nairobi!

Senje akashika kifua. Duncan akachukua simu, akasoma, akatikisa kichwa polepole kama mtu wa matangani.

— Sikutaka kuongeza kidonda, — akasema. — Lakini asubuhi nilipita Malaba. Nilimwona anapanda basi la Nairobi.

— Peke yake?

— Hapana. Na yule dada.

— Wa rasta?

— Wa rasta.

— Si nilikwambia? — Senje akapiga makofi. — Si nilikwambia, mwanangu? Hata mimi jirani yangu mmoja amenipigia. Amewaona wameshikana mkono, basi linatoka.

— Una uhakika, Senje?

— Mungu ananiona.

Wilkista akaenda mlangoni. Akaita kwa sauti ambayo ilivuka barabara:

— Etyang! Njoo!

Akaja. Kinyozi hakuwa amemaliza. Kichwa upande mmoja kilikuwa cheupe, upande mwingine msitu, kitambaa cha kinyozi kikining'inia shingoni. Akasimama mlangoni, akawasalimu.

— Senje, habari ya hapa? Duncan, habari?

Senje akamwangalia Duncan. Sufuria ndiyo ilikuwa inaongea jikoni.

— Wasalimie basi, — Wilkista akasema. — Umetoka Nairobi, umechoka.

— Nairobi? Mimi nimetoka hapo kwa kinyozi.

— Hapana. Duncan amekuona kwa basi. Jirani ya Senje amekuona. Mnashikana mkono.

— Na nani?

— Na msichana ambaye hayuko.

Duncan akasimama, akapiga shati lake vumbi ambalo halikuwepo.

— Mimi nafikiri hii ni mambo ya familia.

— Kaa, — Wilkista akasema. — Ule ujumbe wa Nairobi nimeutengeneza mimi, hapo kwa sinki. Na ule wa Kampala pia nimeurudisha hapo hapo, nikidonolewa na kuku wako, Senje. Mashine ilikosea. Haina nia. Sasa niambie wewe ulikosea vipi mahali ambapo mashine ilikosea?

— Wilkista, usiniongeleshe hivyo. Mimi nimekulea.

— Ndiyo maana nilitoka kwa yule mtu bila kumsikiliza. Angesema mwingine ningebishana.

Senje akakaa chini. Sauti ikatoka ndogo.

— Ulinipigia ukiwa na shaka. Nikaona mlango umejifungua wenyewe. Duncan amekuwa akiniuliza habari zako. Mizigo yangu inapita kwa sababu yake. Ningemwambia nini?

— Ungemwambia sitaki.

— Na ukienda Chakol, mimi nabaki na nani hapa? Na hizi vitenge?

Lilikuwa swali la kweli, la kwanza tangu Jumanne. Duncan akaondoka wakati huo. Elungat pale nje akamwita:

— Boss, nikupeleke? Ama unangoja basi la Nairobi?

Nyuma ya jikoni, Etyang alisimama karibu na sinki, akigeuza ile laini kwenye vidole.

— Uliamini haraka, — akasema.

— Na wewe ulificha laini.

— Nilificha laini. Sikuficha mtu.

— Sasa najua.

— Na bila hii laini ungejua?

Wilkista akafikiri. Angeweza kusema ndiyo.

— Sijui, Etyang. Si vizuri nikudanganye na wewe leo.

Etyang akaangalia ng'ambo, Uganda ile pale, nguo zimeanikwa kwenye kamba ya mtu.

— Haya, — akasema. — Hilo naweza kuanza nalo.

— Rudi kwa kinyozi amalize. Ukienda Butula hivyo, watakurudisha.

— Kwa hivyo Jumamosi ipo?

— Ipo. Lakini Senje hatanisemea. Nitajisemea.

Wazee wa Chakol walikwenda Butula Jumamosi. Mvua iliwapata njiani, wakafika wamelowa, wakapewa chai na kuku. Wilkista alijisemea mwenyewe, wengine wakanung'unika, wakazoea. Harusi ilifanyika Desemba kanisani Butula.

Senje Benedetta hakuja siku ya wazee. Kwenye harusi alikuja, akakaa nyuma, akaleta kitenge. Bado anaishi Busia na bado anauza. Mizigo yake siku hizi hulala mpakani kama ya watu wengine, na Wilkista humtembelea Jumapili, wanakula, hawaongei sana.

Duncan alihamia mpaka mwingine. Alioa huko.

Elungat anasema Jumanne ile ndiye aliyembeba Etyang kutoka Chakol hadi kwenye foleni ya malori, na kwamba alitaka kusema tangu mwanzo akanyamazishwa. Anaisimulia kwa kila abiria.

Programu ya foleni inafanya kazi na ni ya bure. Madereva wa pande zote mbili wanaitumia. Laini ya Uganda iko kwenye droo ya chumba cha Malaba, na ukiiweka kwenye simu hapo bado inasema uko Kampala.