Picha ya Kwanza Kwenye Mkanda

Nzipicha kumi na mbili, kamera zirukazo kama nzi, zilielea juu ya kituo cha vyombo vya safari za Mwezini, mjini Mbeya, kila moja ndogo kama punje ya mahindi. Kazi yao ilikuwa kuwapiga picha wanaopokea jamaa zao, na ufundi wao uliwatoa watu udenda. Aliyefumba macho alifumbuliwa. Aliyetoka jasho alikaushwa. Kabla hujapepesa jicho, picha ilishafika nyumbani. Akili ya mashine hizo ilibuniwa na mhandisi Atupele, na alistahili kujivunia.

Siku hiyo, lakini, macho yake yalikuwa kwa Tusekile, binti wa kaka yake, mwenye miaka sita. Alizaliwa Mwezini, na ndiyo kwanza alikuwa anakanyaga udongo wa Dunia. Mtoto alimpita babu yake, Mzee Lusajo, kama anayepita nguzo.

"Msalimie babu," Atupele alimhimiza.

"Huyu siye. Babu yangu hana mdomo hivyo."

Mzee Lusajo alipigwa na kiharusi miaka saba nyuma. Mdomo ulivutika kushoto, maneno yakawa mazito. Lakini simu za sura nazo zilitumia akili ya nzipicha, hivyo kule Mwezini mdomo ulifika umenyooka na sauti imenyooka. Marekebisho yalifanyika palepale kwenye lenzi, na sura halisi haikuhifadhiwa popote. Atupele mwenyewe ndiye aliyeamua hivyo zamani, ili kuokoa nafasi.

Siku tatu zikapita bila shikamoo. Mzee akaanza kulia chakula chumbani.

"Usimlazimishe, mwanangu," alimwambia Atupele. "Mtoto ana babu yake. Tena mzuri kuliko mimi."

Maneno hayo yalimchoma. Ndipo akakumbuka mkanda.

Kila Jumamosi Atupele alijiburudisha na kamera kuukuu ya mkanda aliyoipata kwa fundi saa wa Mwanjelwa. Alipenda kukipiga picha kitu kimoja mara mbili, kwa nzipicha na kwa kamera ile, kisha alinganishe. Nzipicha ilimpa picha elfu. Mkanda ulimpa thelathini na sita tu, basi kila moja ilimdai atazame kwanza kabla ya kubonyeza. Alizipenda hata chengachenga zilizotapakaa kwenye picha zake. Baba yake alimtania kwamba anasubiri picha kama mtu anayesubiri jibu la posa.

Na picha ya kwanza kwenye mkanda uliokuwamo ilikuwa ya baba huyo, mwezi uliopita, akizungumza na Tusekile kwenye kioo cha simu cha ukutani.

Haraka haraka haina baraka. Mikono iliyozoea kupata picha papo hapo ilifungua mgongo wa kamera mchana kweupe, ati ahakikishe kama imo! Alipouona utepe uking'aa mbele yake alipiga ukelele, akafunga. Mwanga ulishaingia.

Tumaini lilibaki moja. Mkanda huviringwa, na tabaka za juu ndizo huungua, zikizikinga za ndani. Picha ya kwanza hukaa ndani kabisa. Aliusafisha gizani. Thelathini na mbili zilikuwa zimekwenda na maji. Nne zilipona, na ya kwanza ilikuwa imeungua ukingoni tu.

Aliichapa, akaiweka kando ya ile ya nzipicha ya dakika ileile. Kwenye ya nzipicha, mzee mtanashati anatabasamu. Kwenye ya mkanda, mzee wa mdomo uliopinda anacheka kwa nguvu zake zote, na mashavu yamelowa machozi. Atupele hakuwa amejua kwamba mashine yake hukausha hata machozi. Aliona aibu, akalia.

Kisha akampa Tusekile picha. Mtoto akajiona mle ukutani, ana pengo, ameinua jino mkononi.

"Siku niliyong'oka jino! Nilimwonyesha babu." Akaweka kidole juu ya mdomo uliopinda.

Akaenda nayo chumbani kwa mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mbona kwenye simu ulikuwa unajificha?"

Mzee Lusajo akamtazama bintiye aliyesimama mlangoni.

"Sikujificha mimi," akasema. "Muulize shangazi yako."